Spika ya dari

Spika ya dari ni spika inayofungwa ndani ya tundu lililokatwa kwenye dari, uso wake ukielekea sakafuni na sehemu iliyobaki ikifichwa juu ya dari. Hutumika katika maduka, hoteli, ofisi, nyumba za ibada na nyumba za kuishi. Kama dari imewekewa kihami cha joto au cha sauti, ufungaji wake huhitaji uangalifu, kwa sababu kila tundu hupunguza kazi ya kihami hicho.

Aina

Spika nyingi za nyumbani zina ukinzani wa omu 4 au 8. Katika majengo makubwa hutumika mifumo ya volti 70 au 100, ambamo kila spika ina transfoma ndogo na spika nyingi huungwa kwenye laini moja. Huko Ulaya, spika za kutangazia tahadhari ya moto hufuata kiwango cha EN 54-24.

Athari kwa kihami

Sauti hupenya kwa urahisi mahali palipo wazi. Chumba cha mita 3 kwa 3 kikikatwa matundu matatu yenye kipenyo cha sentimita 20, matundu hayo ni takriban asilimia 1 tu ya dari. Hata hivyo, yakiachwa wazi, dari iliyoweza kupunguza sauti kwa desibeli 50 hubaki na uwezo wa takriban desibeli 20. Spika yenyewe haizibi pengo hilo vizuri, kwa kuwa koni yake ni nyepesi.

Katika nchi za baridi kuna hatari nyingine. Hewa ya chumbani yenye unyevu hupanda kupitia tundu, hupoa ndani ya kihami na kugeuka maji. Kihami kikilowa hupoteza uwezo wake, na mbao za paa huweza kuoza.

Ufungaji

Njia ya kawaida ni kufunika spika kwa boksi upande wa juu. Boksi huziba hewa, huzuia nyuzi za kihami zisiguse koni, na huipa spika ujazo maalumu wa hewa unaoathiri sauti nzito. Boksi dogo mno hupunguza besi. Ukingo wa boksi na mahali waya unapopita huzibwa kwa silikoni au gundi isiyokauka. Ikiwa dari ni sehemu ya kinga ya moto, boksi lazima liwe la aina iliyothibitishwa kwa kazi hiyo.

Waya wenye ganda la PVC hautakiwi kugusana na polistireni, kwani ganda hilo huwa gumu na kupasuka baada ya muda. Fundi anayekata dari yenye sufi ya madini huvaa barakoa, glavu na miwani, kwa sababu nyuzi zake huwasha ngozi, macho na koo.

Njia mbadala

Pale ambapo dari haipaswi kutobolewa, spika hufungwa juu ya uso wa dari au ukutani, au hujengwa dari ya pili chini ya ile ya kwanza.