Umoja wa Maandiko katika Karne za Kwanza za Kanisa

Jina la Biblia latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya vitabu, wala si kitabu kimoja. Maana viliandikwa na watu wengi, kwa nyakati na lugha mbalimbali. Basi vyafasiriwaje kama kitu kimoja?

Swali hili lilikuwa zito huko Roma mwaka 144, Marcion wa Ponto alipofarakana na Kanisa. Alifundisha ya kwamba Mungu wa Torati siye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Akalikataa Agano la Kale lote, akabakiza Injili ya Luka, tena iliyopunguzwa, na nyaraka kumi za Paulo.

Irenaeus, askofu wa Lyon katika nchi ya Ufaransa ya leo, aliwajibu wazushi karibu na mwaka 180. Alitoa mfano wa sura ya mfalme iliyofanyizwa kwa vijiwe vya thamani. Mtu akivibandua na kuvipanga upya, aweza kufanya sura ya mbwa au ya mbweha, kisha akadai kuwa ndiye mfalme, kwa sababu vijiwe ni vile vile. Ndivyo afanyavyo mtu aokotaye aya huku na huku ili kuthibitisha neno lake mwenyewe. Lakini aliyepokea kanuni ya imani katika ubatizo hujua kila kijiwe mahali pake.

Katika karne ya 3 Origen wa Aleksandria alieleza mfano aliousikia kwa Mwebrania mmoja: Maandiko ni nyumba yenye vyumba vingi vilivyofungwa, na kando ya kila mlango pana ufunguo, ila si wa mlango ule. Twaweza kuujaribu mfano huu. Yeremia, sura ya 31, aahidi agano jipya, wala haonyeshi litatiwa muhuri kwa damu ya nani. Ufunguo tunaupata katika Luka, sura ya 22, Bwana ashikapo kikombe. Naye asomaye Luka pasipo Yeremia hana budi kuuliza: jipya kuliko lipi?

Hata hivyo Origen alipenda mno mafumbo. Kwa hiyo walimu wa Antiokia, kama Theodore wa Mopsuestia, walikaza kwamba habari iliyotukia isifutwe kwa ajili ya maana ya ndani.

Sisi tufundishao twaonywa na hao wote. Kabla ya kuhubiri aya moja, yatupasa kuuliza mwandishi aliwaambia nini watu wa zamani zake, kisha yakaaje maneno hayo katika Maandiko yote. Tukiacha hayo, twaweza kuwaonyesha watu vijiwe vizuri, nao wasimwone Mfalme.