Nchi Iliyofuma Merikani

Kwa bibi yangu, merikani si nchi. Ni kitambaa: pamba nyeupe isiyotiwa rangi, nzito kidogo, aliyoikunja chini kabisa ya kasha lake. Nchi yeye huiita Amerika. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili katika historia nilipogundua kwamba kitambaa kile kilipata jina kutokana na nchi ile.

Kililetwa Zanzibar hasa na wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani. Majora ya merikani yakashushwa Unguja, yakabebwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, yakabadilishwa kwa pembe za ndovu, na mara nyingine kwa watu. Huko Massachusetts utumwa ulikuwa umekomeshwa tangu miaka ya 1780. Lakini pamba iliyolishwa viwandani ilitoka Kusini mwa Marekani, na walioichuma walikuwa watumwa.

Hapo ndipo swali langu lilipoanzia. Kusini ililima, Kaskazini ikafuma, pande zote mbili zikatajirika. Ilikuwaje basi watu waliokula sahani moja wakaishia kuuana? Vitabu vya kiada hujibu kwa orodha ndefu ya sheria na tarehe. Mimi nilianza kuelewa niliposoma habari za wiki moja tu mjini Boston, mwaka 1854.

Kabla ya wiki hiyo wanasiasa walikuwa wameishi kwa kupatana. Mwaka 1820, Missouri ilipotaka kuingia katika muungano ikiwa na utumwa, Bunge liliipokea pamoja na Maine isiyo na utumwa, ili mizani isilemee upande mmoja. Kisha likachora mstari kwenye ardhi ya magharibi iliyonunuliwa kwa Ufaransa: kaskazini ya nyuzi 36 na dakika 30, ukiiacha Missouri yenyewe, utumwa ukapigwa marufuku. Baada ya vita na Mexico ikapatikana ardhi mpya, na ugomvi ukazuka upya. Mwaka 1850 wakapatana tena. California iliingia bila utumwa. Kusini, kwa upande wake, ikapewa sheria kali ya kuwarudisha watumwa waliotoroka.

Sheria hiyo inasomeka kama kitu kilichotungwa na mtu mwenye hasira. Aliyekamatwa hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe, wala kesi yake haikusikilizwa na jopo la raia. Kamishna aliyeamua shauri alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, na dola 5 akimwachia huru. Raia yeyote aliweza kuamriwa kusaidia kukamata. Mtu wa Boston aliyezoea kusema kwamba utumwa ni mambo ya Kusini, sasa uliweza kumfuata hadi mtaani kwake.

Na ulimfuata. Anthony Burns alikuwa kijana wa Virginia, mtumwa wa Charles Suttle. Alijifunza kusoma na akawa mhubiri. Mapema mwaka 1854 alitoroka kwa meli kutoka Richmond, akafika Boston, akapata kazi katika duka la nguo. Kosa lake lilikuwa kumwandikia barua ndugu yake. Barua ikaangukia mikononi mwa bwana. Jioni ya tarehe 24 Mei Burns alikamatwa akitoka kazini, kwa kisingizio kwamba ameiba katika duka la vito. Alipofikishwa kwenye jengo la mahakama alimkuta Suttle akimsubiri, ndipo akajua ameitiwa nini. Alikuwa hajafikisha miaka 20.

Usiku wa tarehe 26 kundi la watu, weusi kwa weupe, lilishambulia mlango wa mahakama kwa gogo ili kumtoa. Mlinzi mmoja aliuawa. Burns hakutoka. Rais Franklin Pierce aliunga mkono matumizi ya jeshi, na tarehe 2 Juni kamishna akaamua kwamba kijana arudishwe. Alisindikizwa bandarini katikati ya askari wenye bunduki na mzinga. Watu wapatao 50,000 walijipanga njiani wakizomea. Majengo yalitundikwa vitambaa vyeusi vya msiba, na juu ya barabara moja likaning'inizwa jeneza lililoandikwa neno Uhuru. Nguvu yote ile ilikuwa ya kumpakia melini mtu mmoja.

Wiki hiyo hiyo, tarehe 30 Mei, Pierce alitia saini sheria ya Kansas na Nebraska. Mstari wa 1820 ukafutwa. Walowezi wa Kansas wangeamua wenyewe kama wanataka utumwa au hawautaki.

Amos Lawrence, tajiri wa biashara ya nguo za pamba, aliyaona hayo yote akiwa Boston. Alikuwa mtu wa suluhu, na mali yake ilitegemea pamba ya watumwa. Baada ya siku zile alimwandikia jamaa yake kwamba yeye na wenzake walilala wakiwa wahafidhina, wakaamka wapinga utumwa walioshikwa na wazimu. Akatoa fedha za kuwapeleka Kansas walowezi wasiotaka utumwa, kisha akachangia bunduki zao. Mji wao ukapewa jina lake. Tarehe 21 Mei 1856 wafuasi wa utumwa waliuvamia mji huo wa Lawrence. Siku chache baadaye John Brown na watu wake waliwaua wanaume watano wa upande wa pili. Damu ilikwisha kumwagika Kansas miaka mitano kabla ya vita kutangazwa.

Kutoka hapo mlango wa kupatana ulizidi kufungwa. Hasira ya Kansas ilizaa chama kipya, Republican. Mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, Mahakama Kuu ilisema mtu mweusi si raia na Bunge halina mamlaka ya kuzuia utumwa katika maeneo mapya. Mwaka 1860 Abraham Lincoln alishinda urais bila jina lake kuwemo kwenye kura za majimbo mengi ya Kusini. Desemba ile South Carolina ikajitenga.

Wapo wanaosema hadi leo kwamba vita ile ilihusu haki za majimbo, si utumwa. Nilipolisoma tamko la South Carolina la kueleza sababu za kujitenga, nilimkumbuka Burns. Moja ya malalamiko yake makubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini, Massachusetts ikitajwa kwa jina, yametunga sheria za kukwamisha urudishaji wa watumwa. Yaani jimbo lilitumia haki yake, na Kusini ikakasirika. Mwaka 1854 wenye watumwa hawakuona ubaya wowote katika mkono mrefu wa serikali kuu, maadamu ulikuwa umemshika Burns.

Mizinga ililia Fort Sumter tarehe 12 Aprili 1861. Miaka minne baadaye zaidi ya watu 600,000 walikuwa wamekufa, na watumwa wapatao milioni 4 walikuwa huru. Pamba ilikwama Kusini wakati wa vita, merikani ikaadimika Zanzibar, na nguo za India na Uingereza zikachukua nafasi yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu.

Nilimsimulia bibi haya yote sebuleni kwake, kile kitambaa kikiwa mapajani mwake. Hakuuliza habari za Lincoln.

"Na yule kijana wa barua, alirudi kwao?"

Nikamwambia kwamba kanisa la watu weusi wa Boston lilichanga fedha, akakombolewa kwa dola 1,300 mwaka uliofuata. Alisoma, akawa mchungaji Kanada, akafia huko mwaka 1862 akiwa na miaka 28, vita ikiwa bado inaendelea.

"Kwa hiyo hakurudi," alisema, akaanza kukikunja.