Jina la Mtunzi katika Riwaya Pendwa ya Mtandaoni

Riwaya pendwa ya Kiswahili imepata shida ya njia mara nyingi kuliko shida ya wasomaji. Muhammed Said Abdulla alipitia mlango wa shindano: hadithi yake ilishinda katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58, na Mzimu wa Watu wa Kale ikachapishwa mwaka 1960. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla ilitoka mwaka 1965, na Kufa na Kupona ya Musiba mwaka 1974. Wahakiki waliotukuza fasihi dhati waliziweka kazi hizo kando. Wasomaji walizisoma mpaka majalada yakabanduka. Karatasi ilipoadimika nchini Tanzania katika miaka ya 1980, hadithi za upelelezi na mapenzi ziliendelea kupata hifadhi magazetini, sehemu kwa sehemu.

Ni mtindo huo wa magazeti uliohamia mtandaoni. Katika blogu, na baadaye Facebook na WhatsApp, sura hufunguliwa kwa neno “Ilipoishia” na kufungwa kwa “Itaendelea”, aghalabu pale mlango unapogongwa au bastola inapotolewa. Huduma za fedha kwa simu, zilizoingia Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, zilimpa mtunzi kitu ambacho gazeti halikumpa, yaani malipo ya moja kwa moja kutoka kwa msomaji. Sehemu za mwanzo hutolewa bure. Anayetaka mwisho hutuma fedha.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Msomaji mmoja aliyelipa anaweza kuisambaza hadithi nzima katika makundi kumi kabla ya jua kuchwa, na anayeinakili anaweza kufuta jina la mtunzi na kuweka lake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mwandishi huyo. Lakini kesi ina gharama, na mdaiwa mara nyingi ni namba ya simu tu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliongeza mzigo mwingine: mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, na ada zake kwa jumla zilizidi shilingi milioni 2. Kwa mtu anayeuza hadithi kwa shilingi elfu moja, hesabu hiyo ilikuwa kejeli.

Watunzi wamejibu kwa namna ambayo mwanafunzi wa tenzi ataitambua mara moja. Mwana Kupona, katika beti za mwisho za utendi wake wa mwaka 1858, alitaja jina lake, Pate alikozaliwa, na mwaka wa utunzi kwa hesabu ya Hijria. Watunzi wengine walitaja hata idadi ya beti, ili pasipunguzwe wala kuongezwa. Waliishi katika utamaduni wa miswada, ambamo kila nakala ilitoka mkononi mwa mtu mwingine, na jina lililofumwa ndani ya vina lilikuwa gumu kung’olewa. Mtunzi wa leo naye huandika jina lake na namba yake ya simu juu ya kila sehemu, na kuzihesabu sehemu zenyewe. Tofauti ni kwamba nathari haina vina vya kulishika jina. Baadhi yao, kwa werevu, humpa mhusika jina la mtunzi mwenyewe, au hulipachika katikati ya mazungumzo ambapo mnakili mwenye haraka halioni.

Mtafiti anayetaka kuihakiki riwaya ya namna hiyo anaweza kukuta nakala tatu au nne zenye majina tofauti ya watunzi, moja ikikatika sehemu ya 20, nyingine ikiwa na mwisho ulioandikwa na mkono mwingine. Ukurasa wa kwanza kuichapisha, ambao ungeamua shauri hilo, huenda umekwisha kufutwa.