Meli Iliyozama Ina Bahati

Huku kwetu, Busia hadi Malaba, chuma kizee kina njia moja: mizani ya mtu wa skrepa. Sufuria iliyotoboka, rimu ya baiskeli, mlango wa matatu iliyokufa, vyote hupimwa kwa kilo. Manowari nayo ni chuma tu, tena cha tani nyingi. Ikistaafu, mtu wa skrepa ndiye wa kwanza kuinyemelea. Kinachoweza kumzuia ni karatasi yenye muhuri wa serikali.

Chukua HMS Belfast ya Uingereza. Desemba 1961 ilikuwa Dar es Salaam, mabaharia wake wakitoa gwaride la heshima Tanganyika ikipata uhuru. Nahodha wake alikuwa Morgan Morgan-Giles. Mwaka 1963 meli ikaondolewa kazini. Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya London, yakatamani kuihifadhi, lakini mwanzoni mwa 1971 serikali ikasema hapana. Hapo ingekwisha hadithi, ila yule nahodha sasa alikuwa mbunge. Machi mwaka huohuo alisimama bungeni akaitetea meli yake kama mtu anayetetea shamba la babake. Ikakabidhiwa wakfu, na Oktoba 21, 1971 watu wakaanza kuipanda pale mtoni Thames. Mwaka 1978 ikawa mali ya makumbusho yaleyale yaliyoitamani tangu mwanzo.

Sasa rudi Kenya. Mimi sikumaliza chuo, lakini sheria zetu ziko mtandaoni bure, na nimezisoma kwa hamu isiyo ya kawaida. Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015 inaruhusu mali iliyochakaa kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, au kuuzwa kwa zabuni, au kupigwa mnada. Kwa hiyo mlango wa kutoka jeshini hadi makumbusho upo. Lakini mlango wa mnada uko hapohapo kando, na huo huleta pesa.

Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006 ndiyo inayochekesha. Inasema kitu kinachohamishika ni cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Jeshi letu la Wanamaji liliundwa 1964, basi manowari zake zote zimekosa tarehe hiyo kwa miongo kadhaa. Inabaki Waziri aamue kuitangaza meli kuwa kitu kinacholindwa. Lakini mabaki ya meli iliyozama, yakipita miaka 50, yanahesabiwa kuwa mnara wa kihistoria. Yaani meli inayoelea haina mtetezi. Izame, isubiri nusu karne, ndipo sheria iikumbuke.

Tuna meli iliyofuata njia hiyo. SS William Mackinnon ilitoka Uingereza ikiwa vipande, na wapagazi walivibeba kutoka pale reli ilipokuwa imefika, hadi ziwani. Mwanzoni reli yenyewe ilitazamiwa kuishia Port Victoria, hapa Busia. Kisumu ikaichukua, na huko ndiko Mackinnon iliposhushwa majini mwaka 1900. Vita vya 1914 vikaja, meli za ziwa zikafungwa mizinga. Mwaka 1929 wakaizamisha makusudi. Si ajabu sana, ilikuwa imechoka. Lakini waliyoibeba kwa mabega yao hawakuwa na nahodha wa kusimama bungeni, wala bunge lenyewe lililokuwa na kiti chao. Belfast ina majina ya mabaharia wake. Mackinnon ina jina la tajiri mwenye kampuni.

Leo viti tunavyo. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na si lazima uwe mbunge, sembuse nahodha. KNS Nyayo na KNS Umoja, zilizotengenezwa Uingereza miaka ya 1980, hazitakaa kazini milele. Ombi la kumtaka Waziri azitangaze linaweza kuandikwa sasa, zikiwa bado zinaelea, kabla mtu hajaanza kuulizia bei ya kilo.