Marangu: Stori ya Mlima Kabla ya Selfie

Andika Kilimanjaro mtandaoni sasa hivi uone. Mtalii amekumbatia kibao cha Uhuru Peak, pua nyekundu, machozi yanamtoka. Safi sana. Ila pembeni, pale kamera isipofika, kuna jamaa kadhaa waliompandishia hema, meza, viti, mayai, na wakati mwingine hadi choo. Wenyewe wanaitana wagumu. Hii ni stori yao, na ya Marangu, ambako biashara yote hii ilianzia.

Turudi Oktoba 1889. Hans Meyer, Mjerumani kutoka familia ya wachapishaji wa vitabu wenye hela zao, alifika kileleni tarehe 6 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Lilikuwa jaribio lake la tatu. Lile la 1888 liliishia mikononi mwa watu wa Abushiri, hadi alipokombolewa kwa fedha. (Hii wengi hatukufundishwa shuleni, sijui kwa nini, maana ni bonge la muvi.) Safari ya 1889 alipitia Marangu kwa Mangi Marealle, mtu aliyejua vizuri faida ya kuwa rafiki wa wageni. Wakati wazungu wawili wanapambana na barafu, aliyebaki kulinda kambi kule juu kwenye baridi ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Umewahi kusikia jina lake? Basi.

Marangu wenyewe watakutajia Yohani Kinyala Lauwo, kijana wa pale aliyewaongoza. Wanahistoria wanabishana kama siku ile alifika kileleni au aliishia chini. Kisichobishaniwa ni kwamba aliongoza wageni mlimani kwa miaka mingi, na dunia ikaja kumtambua vizuri wakati wa sherehe za miaka 100, mwaka 1989, akiwa mzee kabisa. Alifariki 1996.

Wajerumani walijenga vibanda vya kulala njiani. Kimoja wakakiita Bismarck, kingine Peters. Huyo Carl Peters ndiye yule aliyekuwa na kituo hapohapo Kilimanjaro na kunyonga watu, hadi akaitwa Mkono wa Damu. Yaani mtu kama huyo unampa kibanda! Baadaye majina yalibadilishwa: Bismarck ikawa Mandara, Peters ikawa Horombo, majina ya wamangi wa zamani. Na kilele kilichokuwa na jina la Kaiser kikawa Uhuru.

Lakini msidhani watu wa Marangu waliishi kwa utalii muda wote. Hapana. Hela ilikuwa kahawa. Kila boma na kihamba chake, kahawa chini ya migomba, na ushirika wao, KNCU, ulioanzishwa 1933. Kahawa ndiyo iliyosomesha watoto na kuezeka mabati. Kupanda mlima na wageni kilikuwa kibarua cha pembeni tu.

Halafu mambo mawili yakagongana. Vihamba viligawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, vikawa vipande. Na mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yanashikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Kijana ambaye baba yake alivuna magunia akajikuta hana cha kuvuna. Akatazama juu.

Kule juu nako kulishakuwa na mwenyewe mwingine. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa 1973, ikafunguliwa kwa wageni 1977, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 1987. Mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa hifadhini. Hapa ndipo panauma. Mama aliyezoea kukata majani ya ng'ombe na kuokota kuni msituni, kama bibi yake, akawa mtu wa kukamatwa. Mgeni mwenye risiti anapita msitu huohuo akipiga picha za kima. Mimi sipingi hifadhi, msitu ule ndio maji yetu. Ila tusijifanye hatuoni nani alilipa gharama.

Na Marangu yenyewe ikaanza kupitwa. Njia yake, waliyoibatiza Coca-Cola kwa sababu ndiyo yenye vibanda vya kulala, ilipata mpinzani: Machame, eti Whiskey, ya kulala kwenye mahema. Mahema yanahitaji wabebaji wengi zaidi, kwa hiyo ajira ziliongezeka. Lakini ofisi za safari ziko Moshi na Arusha, mgeni analala huko, anashushwa getini asubuhi. Marangu ikabaki na maporomoko ya Kinukamori, mapango ya Wachaga, na ziara za kahawa ambapo mtalii anatwanga dakika tano huku anaimbiwa. Kahawa ileile iliyokuwa uchumi, sasa ni shoo.

Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifika Horombo, mita 3,720. Kwa hiyo sasa unaenda laivu kutoka mahali palipoitwa Peters. Mgumu naye yupo laivu, akishatua mzigo wake. Sheria inasema kilo 20, na getini kuna mizani. Malipo ndiyo shida: miaka nenda rudi kumetajwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa siku, na bado wapo wanaoshuka na pungufu ya hiyo, wakisubiri tipu iwaokoe.

Pita getini Marangu asubuhi msimu wa watalii. Utawakuta vijana wamesimama nje ya uzio, begi mgongoni, buti za kuazima, wakisubiri kuitwa majina.