Dini mpya ya walozi wa Uingereza

Vijana wetu wanasikia kwamba Ulaya kuna dini ya walozi iliyo ya zamani kuliko Ukristu. Tutazame historia yake. Mwaka 1951 Uingereza ilifuta sheria ya uchawi ya 1735. Mwaka 1954 Gerald Gardner, Mwingereza aliyefanya kazi ya forodha huko Asia, alitoa kitabu akisema amewakuta walozi wa asili, wangali hai kwa siri. Wataalamu wa historia walitafuta mizizi hiyo, wasiione. Basi misioni yetu ya Mpala, ya mwaka 1885, ilizaliwa kabla yake! Mwanafunzi wao, kwa desturi, hungoja mwaka mmoja na siku moja. Babu zetu wakatekumeni, kwa Mapadri Weupe, walingoja miaka minne.