Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaijua sote, lakini mara nyingi twaishia pale pale kwenye jembe, wala hatuulizi linalofuata. Je, mgeni aliyekwisha kulima miaka mingi, akalipa kodi, akazika wafu wake katika udongo wetu, bado ni mgeni? Tena mzaliwa wa nchi asiyegusa jembe hata siku moja, yeye tumwiteje? Liko taifa moja lililofikiri sana maswali haya, kwa sababu liliishi karne nyingi katika nchi za wengine. Ni Wayahudi, ambao kwao sisi Wakristu tumepokea Agano la Kale. Basi tuwasikilize.

Mwaka 597 kabla ya Kristu, mfalme Nabukodonosor aliwachukua watu wengi wa Yerusalemu, akawapeleka Babeli. Huko manabii wa uongo waliwaambia kwamba watarudi upesi. Lakini nabii Yeremia akawapelekea barua yenye shauri jingine kabisa: wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wautakie heri mji ule na kuuombea kwa Mungu, maana mji ukipata heri na wao wataipata. Tuangalie vema: Babeli ulikuwa mji wa adui zao. Nabii hakuwaambia waache imani ya baba zao. Aliwakataza tu kuishi kama abiria waliokalia mizigo yao stesheni.

Baadaye, karibu mwaka 445 kabla ya Kristu, Nehemia alikwenda Yerusalemu, akakuta ukuta umebomoka. Kitabu chake kinaandika majina ya wajenzi mmoja mmoja, kama katika daftari ya kazi. Makuhani walijenga, wafua dhahabu walijenga, watengeneza manukato vilevile. Shalumu alijenga pamoja na binti zake. Wengi walipewa sehemu iliyo mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ukamalizika kwa siku 52. Lakini kitabu hakifichi aibu: wakubwa wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi, na jambo hilo twalisoma mpaka leo.

Walimu wa Wayahudi waliokuja baada ya Kristu waliendeleza fundisho hili. Mwalimu Samweli wa Babeli, katika karne ya 3, alifundisha kwamba sheria ya serikali ya nchi yampasa Myahudi aishiye humo kama sheria ya kweli. Lakini Musa bin Maimon, mganga mashuhuri aliyefariki Misri mwaka 1204, alieleza mpaka wake. Mfalme akitoza watu wote kwa kanuni moja inayojulikana, hiyo ni sheria. Akimnyang'anya mtu mmoja tu pasipo kanuni hiyo, huo ni wizi, hata kama mwizi amevaa taji. Ndiyo kusema, raia ana deni kwa nchi, na nchi nayo ina deni kwa raia.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Reli ilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kati ya wafanyabiashara wa miaka ile ya mwanzo walikuwamo Wayahudi. Baadaye wengi walitoka kisiwa cha Rhodes, kilichokuwa wakati huo chini ya Italia. Waliuza nguo, unga na samaki, wakajenga sinagogi yao mjini, na mwaka 1937 akaja rabi wao, Moïse Levy. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata ndugu zao waliobaki Rhodes, watu zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliookoka walikuwa 150 hivi. Karne nne za kazi na amani kisiwani hazikuwaokoa, kwa kuwa serikali ilikuwa imekwisha kuwatenga na raia wengine.

Tuseme kweli yote. Siku za ukoloni mzungu, awe Myahudi ama sivyo, alikuwa na kiti, na mwenyeji alisimama. Mwafrika alichimba shaba na kubeba mizigo, lakini hakuwa na sauti katika nchi yake. Ushirika wa namna ile ulisimama kwa mguu mmoja. Kwa hiyo watu waliponung'unika kwamba mali imo mikononi mwa wageni wachache, walikuwa na sababu.

Lakini dawa iliyotolewa ilizidi ugonjwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazaire. Wengi waliopewa walikuwa wakubwa wa serikali na wa chama. Wengine waliuza vitu vilivyokuwamo dukani, wasinunue vingine. Bidhaa zikapotea, wafanyakazi wakakosa kazi. Mwaka 1975 na 1976 serikali iligeuka, ikataka kuwarudishia wenyewe sehemu ya mali yao, lakini Wayahudi, Wagiriki na Wareno wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Rabi Levy alikaa na watu wake wachache mpaka mwaka 1991. Hapo maneno ya Musa bin Maimon yalionekana kuwa kweli: kanuni isiyowahusu wote haikumtajirisha mwananchi maskini.

Na sisi wa Kabalo je? Reli yetu ilifika ziwani Tanganyika mwaka 1915, na mwaka 1956 Kabalo iliunganishwa na Kamina. Mji huu umejengwa na mikono ya makabila mengi: watu wa reli, wapagazi wa bandarini, wavuvi wa Lualaba, wakulima. Lakini tangu mwaka 2013, na zaidi mwaka 2016 na 2017, Batwa na Baluba walipigana katika Kabalo, Manono na Nyunzu. Vijiji vilichomwa, watu wakakimbia. Batwa walilalamika kwamba hawana ardhi wala sauti, na ya kuwa wanalima mashamba ya wengine kwa ujira mdogo. Nao Baluba walizika wafu wao wengi. Hapa methali yetu imepinduliwa: watu waliokaa misitu hii tangu kale walipewa jembe, lakini wakahesabiwa wageni daima.

Ndugu wasomaji, amani haitakuja kwa kuuliza nani alitangulia kufika. Tuulize kama Nehemia: sehemu gani ya ukuta iko mbele ya nyumba yangu? Tukiitwa salongo, tutoke sote, mkubwa na mdogo, tusiwe kama wakubwa wa Tekoa. Mwenye shamba amlipe Mtwa ujira uleule amlipao Mluba. Watoto wao wakae benchi moja shuleni. Kwenye baraza la kijiji kila aliyeshika jembe apewe nafasi ya kusema. Na katika sala zetu za Dominika tuuombee mji wetu wote, si ukoo wetu tu, maana Kabalo ikiungua haitachagua nyumba.